Mwendo wa Ng'ombe wa Mjomba

Juzi nilienda Kakuma kupiga gitaa kwenye harusi, na kwa kuwa nilifika kabla ya walioniita kuwa tayari, nikasema wacha nitafute boma la mwalimu wangu wa zamani wa gitaa. Siku hizi ni lami kutoka Lodwar mpaka huko. Unafika kabla mgongo haujaanza kuuma, na labda ndiyo maana nilipotea, kwa sababu mwili ulikuwa umefika lakini kichwa kilikuwa bado njiani. Nilizunguka kambi ya wakimbizi na gitaa mgongoni mpaka nikafika mahali nilipodhani ndipo. Nikakuta kibanda cha kuchaji simu, na kijana ndani yake amelala juu ya kaunta. Akafungua jicho moja.

"Mama, unatafuta nani?"

Nikamwambia natafuta boma lililokuwa na mwarobaini, na mtu akipiga gitaa chini yake. Akacheka. "Mama, hapa kila boma lilikuwa na mwarobaini. Na kila boma lilikuwa na mtu wa kelele."

Hakusema vibaya. Ni kweli ile miarobaini ilikuwa kila mahali. Lakini niliondoka pale nikiwa na wasiwasi ambao haujaniacha mpaka leo ninapoandika. Kama sikuweza kujua boma lenyewe, je, haya mengine ninayoyakumbuka nayakumbuka sawa? Kwa hiyo wewe unayesoma, nichukulie kama mtu unayemfahamu, anayejaribu kusema alichokiona na kuacha ambacho hana hakika nacho. Shule niliishia darasa la saba. Mchana nauza samaki wakavu sokoni Lodwar, Jumamosi napiga gitaa harusini, Jumapili kanisani. Jioni huandika kidogo, na nikiandika huogopa sana kumwekea mtu maneno mdomoni, hasa mtu ambaye hawezi kurudi kuniambia kwamba hakusema hivyo.

Nililelewa na nyanya, mama ya mama. Mama mwenyewe alikuwa Longech, ziwani, kwenye samaki, akija akienda. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mji, na kambi ilikuwa ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga ambao mwaka mzima unapita juu yake kwa miguu na siku moja unabeba mbuzi wa watu. Kazi yetu ilikuwa makaa. Asubuhi, kabla jua halijaamka vizuri, tulichekecha makaa tukatoa vumbi, tukajaza magunia, tukapakia punda, tukavuka. Nyanya alitangulia, shingo imesimama na shanga zake. Mimi nilifuata na mkebe wa kupimia, nimeupindua kichwani kama kofia.

Kuingia kambini ilikuwa kama kuingia nchi nyingi kwa mguu mmoja. Upande huu unasikia harufu ya chai ya Wasomali yenye iliki, mbele kidogo anjera ya Waethiopia inakauka kwenye sinia, halafu sombe, kisamvu cha Wakongo, inachemka tangu jana. Watoto wa lugha zote walikuwa wamepanga mitungi yao kwenye bomba la maji na wanatukanana kwa Kiswahili, maana matusi yakitaka kueleweka na wote lazima yawe Kiswahili. Na kila mtu, hata asiyejua neno lingine la kwetu, alijua "Ejok!" Nyanya alijibu kila moja. Alisema salamu haiuzwi, kwa hiyo haina sababu ya kubaniwa.

Mnunuzi wake mgumu kuliko wote alikuwa mke wa mwalimu, mama mmoja wa Kikongo mwenye kitenge na sauti ya kuita watu kutoka mbali.

"Mama, hii makaa iko na majiwe!"

"Hiyo ni uzito ya makaa mzuri," nyanya anamjibu. "Mawe nauza siku ingine. Leo sina."

"Sasa hii ni nini?"

"Hiyo ni makaa haijaamua."

Wangeweza kwenda hivyo mpaka maziwa yagande. Na siku ya kwanza nilipolisikia gitaa ilikuwa katikati ya mabishano kama hayo. Mume wake alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, chini ya mwarobaini, na kitu cha mbao kimemlalia tumboni. Nilikuwa nimesikia gitaa redioni, lakini redioni sauti inatoka yote kwa pamoja, hujui nani anafanya nini. Hapa niliona vidole. Kidole kimoja kinakanyaga, kingine kinaruka, na sauti inatoka nyembamba, inametameta, kama kengele za mbuzi wengi wakishuka mlima. Baadaye nilijua sababu. Watu wa kwao walikuwa na desturi ya kutoa waya mmoja mnene wa katikati na kuweka mwembamba sana mahali pake, ili gitaa lilie kwa juu. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba nilikuwa naogopa. Niliogopa nyanya asije akakubali bei. Niliomba Mungu, kweli niliomba, wale wamama wawili wazidi kugombana.

Nilipofika nyumbani nilitafuta mkebe wa mafuta ya kula, ule mkubwa wa msaada, nikapigilia ubao, nikatafuta waya. Waya niliupata kwa Msomali wa duka la spea za baiskeli. Alinipa vipande vya kebo za breki zilizokatika, akanionya: "Usiniletee kelele hapa." Lakini kila nikipita aliniuliza, bila kuinua macho, "Imelia?" Nikimwambia bado, ananirushia kipande kingine.

Ulipolia, sasa nikawa na shida nyingine. Nipige nini? Nyimbo za kanisani niliziogopa, maana mchungaji angesema nimezishusha kwenye mkebe. Wimbo uliokuwa vidoleni mwangu ulikuwa mmoja tu, ule wa ng'ombe wa mjomba.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mchungaji wa mifugo upande wa Namoruputh. Kama wanaume wengi wa rika lake alikuwa na ng'ombe mmoja wa moyo, dume aliyehasiwa, mwenye pembe zilizokunjwa tangu utotoni moja iende mbele na nyingine irudi nyuma. Wenzake walimwita mjomba kwa jina la ng'ombe huyo. Alimtungia wimbo. Wimbo wa namna hiyo huanzishwa na mwenye ng'ombe, mikono ameiinua juu kama pembe, na wengine huitikia. Mtu mwingine hauanzishi. Hakuna aliyenifundisha hilo, ni kama hakuna anayekufundisha kwamba huingii nyumba ya watu kwa dirisha. Jina la ng'ombe sitaliandika hapa. Utaona kwa nini.

Nilimwona ng'ombe huyo mara kadhaa mifugo ilipopitishwa karibu na Kakuma. Alikuwa na mwendo wake, mzito, wa kubembea, kama mtu anayejua anatazamwa. Na alikuwa na tabia moja. Akifika kwenye maji hakunywa mara moja. Alisimama kwanza. Wengine wakisukumana na kuzamisha pua, yeye amesimama tu, halafu ndipo anainamisha kichwa. Mjomba alijivunia kusimama huko kuliko pembe.

Halafu ukaja ukame, na ng'ombe akafa. Mjomba aliendelea kuja kwetu, anakula, anaondoka, lakini hakuimba tena. Nyanya alituambia tusimuulize. Mimi nilikuwa naukumbuka wimbo, nikaupiga kwenye mkebe nyuma ya nyumba, kimyakimya, bila maneno. Nilidhani vidole haviko kwenye hesabu.

Mwalimu alinigundua kwa sababu ya mkebe wenyewe. Siku moja nilikwenda nao kambini nikauficha kati ya magunia, na mke wake katika kutafuta mawe akautoa. Mwalimu aliuchukua, akaugeuza, akacheka. Nisimsingizie, alicheka, lakini hakunicheka mimi. Alicheka kama mtu aliyekutana na jamaa yake mahali asipotarajia.

"Mutoto, nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi kaa. Makaa itauzwa yenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kubana nyuzi mpaka ncha za vidole zikachubuka, zikapona, zikaota sugu. Alinifundisha kwamba mchana wa Turkana nyuzi hulegea na jioni hukaza, na kwamba ukianza wimbo adhuhuri lazima ujue utaumaliza ukiwa na gitaa jingine. "Jua ya hapa," alisema, "inapiga gitaa mbele yangu." Alifunga kipande cha penseli shingoni mwa gitaa kwa mpira wa tyubu, na sauti yote ikapanda, nikaona kama uchawi. Alinifundisha magitaa mawili yazungumze, moja liulize, lingine lijibu, na lisijibu kabla ya kuulizwa. Baada ya muda aliniazima gitaa lake la zamani, lenye ufa na nyuzi pungufu. Nililibeba kuvuka laga kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, kila hatua naangalia nisijikwae.

Siku moja alinikuta napiga ule wimbo.

"Hii umetoa wapi? Iko muzuri kabisa."

"Ni wa mjomba. Wa ng'ombe yake."

"Ng'ombe inaitwa nani?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu, wala yeye hakuniibia kitu. Nimelifikiria sana jambo hili, na sioni mahali ambapo mmoja wetu angesimama aseme hapa ndipo nilipojua ni kosa. Alisikia kwamba mjomba ametunga wimbo. Kwao mtunzi hufurahi wimbo wake ukienda mbali. Akauchukua, akautia mbio, akaupa mkia mrefu wa kuchezea, ule ambao gitaa linakimbia na watu wanashusha viuno.

Ikaja harusi ya watu wa kwao, mchana, na jenereta na spika mbili kubwa. Nilikaa nyuma yake na gitaa langu la ufa, nikijibu alipouliza. Wimbo ukafika kwenye mbio, watu wamesimama wote, vumbi limepanda mpaka magotini. Mwalimu akaisogelea maiki, na kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi akalirusha jina la ng'ombe wa mjomba. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kwao mpigaji hurusha jina la mtu katikati ya wimbo kumheshimu, na wenye mali hulipendelea sana hilo. Akageuka akanitabasamia. Alikuwa ananifanyia jambo kubwa, nililiona usoni mwake. Mimi vidole vilikuwa vimekufa juu ya nyuzi.

Wimbo haukukaa harusini. Baada ya siku chache watoto wa bomba la maji walikuwa wanauimba, na jina limo, wanalipigia makofi. Ukavuka laga. Watoto wa mji nao wakauimba, wakijua ni la ng'ombe lakini hawajui ni la nani. Nyanya aliusikia akiwa anachekecha. Alisimamisha mikono.

"Nani amewapa hawa jina hilo?"

Nilimweleza yote. Hakunipiga, wala hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angefanya moja. Alilichukua gitaa akalitundika juu, kwenye mwamba wa paa. Akasema neno ambalo nalikumbuka vizuri kuliko mengine yote, kwa hiyo hili naliandika bila wasiwasi: "Mjomba wako akija, yeye ndiye ataamua. Akikataa, hicho kitu kinarudi kwa mwenyewe, na wewe mguu wako haufiki tena pale."

Basi nikaanza kungoja. Sijui kama umewahi kungoja mtu ambaye unataka aje ili iishe, na unataka asije ili isiishe. Kila mzee mwenye fimbo aliyetokea barabarani nilimhesabia hatua mpaka apite. Vidole havikujua kwamba vimekatazwa. Vilibana mwiko, vilibana kamba ya punda, vilibana mkono wa nyanya aliponituma dukani, akanisukuma. Kilichonitisha zaidi ni sugu. Zilianza kubanduka, ngozi laini ikatokea chini yake kama ya mtoto. Nikawa nakaa nyuma ya nyumba nazisugua kwenye jiwe la kusagia ili zisiniache. Msomali wa duka aliniuliza, "Imelia?" nikamwonyesha vidole vilivyobanduka. Akatazama juu, kwa mara ya kwanza nadhani, akanipa kipande cha waya hata hivyo.

Kambini nako hakukuwa na amani. Mke wa mwalimu alimgombeza mumewe mbele yetu, huku anapekua makaa.

"Si nilikuambia uliza kwanza! Jina ya ng'ombe ya mutu!"

"Lakini nilimuheshimu!"

"Ulimuheshimu na spika!"

Mwalimu alinitazama mimi, kama mimi ndiye nitakayemwokoa. Alikuwa na hofu yake mwenyewe. Mgeni kambini hataki ugomvi na wenyeji, na hilo alilijua kuliko mimi.

Mjomba alifika mchana mmoja wa upepo, na kiti chake kidogo cha mbao kikining'inia mkononi. Alikunywa maji. Alimuuliza nyanya, "Yuko wapi yule mwenye sauti kubwa?" Nyanya akalishusha gitaa, akanipa nilibebe, tukavuka laga sisi watatu. Wimbo ulitupita njiani, kwenye mdomo wa mtoto aliyekuwa akivuta gari la makopo. Mjomba hakugeuka.

"Ejok, mzee!" mwalimu alisema, amesimama, mikono yote mbele.

Mjomba aliweka kiti chake, akakaa, akapanga fimbo juu ya magoti. Ndipo akajibu, "Ejok." Chai ikaja. Hakuigusa.

"Piga," alisema.

Mwalimu akapiga. Alianza kwa adabu, lakini mkono wake ulikuwa mkono wa harusi. Mjomba alimwacha afike kati, akainua kidole.

"Hiyo ni ng'ombe ya nani?"

"Yako, mzee."

"Yangu haikukimbia. Wewe unafukuza yeye. Nani anafukuza ng'ombe imekufa?"

Mwalimu akaanza tena, polepole. Kwa kitambo ilikuwa sawa, halafu mkono ukapanda tena wenyewe, kama maziwa jikoni.

"Unafukuza."

Mara ya tatu ikawa vilevile, na hapo mke wa mwalimu akashindwa kunyamaza. "Mzee, musamehe. Tangu anioe ananifukuza hivyohivyo." Nyanya akaficha mdomo kwa shanga zake. Mjomba, nadhani, karibu acheke. Sina hakika. Upepo ulikuwa unatutia sote vumbi machoni.

Mwalimu aliliweka gitaa chini, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa heshima, kwamba kwao jina likitajwa mbele ya watu ni kumpandisha mtu. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi jina yangu ninayo," alisema. "Hata ukinyamaza ninayo. Hiyo ya spika si yangu, ni ya spika." Halafu bila kunitazama: "Huyu apige."

Sikumbuki kukaa. Nakumbuka ncha za vidole zilivyouma, kwa sababu sugu zilikuwa zimekwenda, na nakumbuka nikiwaza kwamba hii ni mara ya mwisho, kwa hiyo afadhali ninyime macho kila kitu. Nikafumba. Nilichokiona ndani ni makalio ya ng'ombe yule akienda mbele yangu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikamfuata. Sikuwaza wimbo, niliwaza kutomkaribia sana. Tulipofika kwenye maji alisimama, na mimi nikasimama.

Huwezi kujua urefu wa kimya kile. Nilimsikia mwalimu akivuta pumzi na mkono wake ukisogea kwenye gitaa lake, kwa sababu kwao muziki ukinyamaza watu hurudi vitini, na nilisikia mke wake akimshika goti. Halafu ng'ombe akainamisha kichwa, nikaendelea, nikamaliza.

Nilifumbua macho. Mjomba alikuwa anatazama upande wa laga. Hakusema kitu. Nikajua nimekosa, gitaa linarudi, nimeshalipoteza. Nilianza hata kulisogeza kwa mwalimu kwa mguu.

Watu ninaowasimulia hupenda niseme kwamba mjomba alisimama akainua mikono kama pembe. Hakuinua. Aliongea na nyanya maneno machache kwa lugha yetu, ya mambo ya nyumbani tu, ya mbuzi. Akanyanyuka, akachukua kiti chake. Ndipo akasema kwa Kiswahili, ili mwalimu naye asikie: "Yeye apige. Jina aiache." Kwa mwalimu akaongeza, "Wewe pia piga. Lakini kama watu yako wanataka kukimbia, tafutia wao wimbo ingine." Akainywa chai iliyokuwa imepoa, yote, akaondoka.

Hivyo nikabaki na gitaa. Mwalimu hakulirusha tena lile jina, na wimbo wake wa mbio aliuacha ufe, ingawa ulikuwa unampatia watu. Naandika hilo kwa sababu hakulazimishwa na mtu. Watoto waliendelea nao kidogo, halafu ukaja mwingine wakauhamia. Mimi nikawa mpigaji asiyeimba. Wengi huniuliza kwa nini sifungui mdomo jukwaani, wanadhani ni aibu. Labda ni aibu pia. Lakini nilianza hivyo, vidole vimeruhusiwa na mdomo haujaruhusiwa, na maisha yangu yote ya gitaa yameota kutoka hapo, pamoja na polepole yangu, ambayo wengine huisifu na wengine huilaumu.

Mjomba alikuwa akija baada ya miezi mingi, anakaa juu ya kiti chake, anasema "Piga." Nikikosea alisema neno moja, "Unafukuza." Nikipatia hakusema kitu. Hakuwahi kunisifu, na sitamtungia sifa leo. Lakini ilinichukua miaka kuelewa kwamba kile kimya, ambacho siku ya kwanza nilidhani ni hukumu, ndicho kilichokuwa ndiyo yake. Baada ya kuelewa nilikipigania. Kuna misimu nilipata "unafukuza" tangu afike mpaka aondoke, nikalia nyuma ya nyumba. Kuna mchana mmoja nilipiga wimbo wote, kusimama na kuendelea, asiseme hata neno. Sijawahi kulipwa vile tena.

Mwalimu na mke wake walipata safari ya kwenda ng'ambo, mbali sana. Aliondoka na gitaa lake zuri, na ilikuwa haki yake, akaniachia lile la ufa. Nyanya alimaliza siku zake Kakuma. Mimi nikahamia Lodwar, nikaingia kwenye samaki kama mama. Mikono ya samaki haipatani na nyuzi, kwa hiyo huosha kwa majivu kwanza, halafu sabuni, halafu hunusa vidole kama mtu mwenye kesi. Vijana ninaopiga nao ni wazuri, wana kinanda chenye ngoma ndani yake, na ngoma ile haichoki. Wananiambia, "Mathe, ongeza kidogo, watu walale hapa?" Hawana makosa. Watu wamekuja kucheza.

Mjomba naye amekwenda. Aliugua kidogo, nikaletewa habari sokoni, nikiwa nimeshika kisu.

Tangu hapo nimejaribu kuhesabu kilichopotea, na kila mara nahesabu vibaya. Kama ni ng'ombe, alishapotea kabla. Mwalimu najua yuko mahali, anazeeka na baridi. Hata kile kizazi cha wanaume wa kuitwa kwa ng'ombe wao bado kimebaki kidogo, ukienda mbali na barabara. Watoto wangu hawajawahi kutembea nyuma ya ng'ombe hata siku moja, na nikiwapigia wimbo huo wanausikia kama wimbo wa polepole tu, wa kanisani.

Jioni nikishaosha mikono huwa naupiga peke yangu, uani, bila jina. Nikifika kwenye maji nasimama. Nikimaliza nasikiliza. Zamani mjomba akinyamaza nilijua nimepatia. Sasa kimya ni kilekile, nikipatia na nikikosea. Basi naanza tena, polepole zaidi ya jana, na katikati ya wimbo hofu mpya inanishika, kwamba sasa huenda nimebaki nyuma sana, na ng'ombe amekwisha kunywa akaenda zake.